Nani Aliyefyeka Njia ya Korongo la Emigration?

Kila tarehe 24 Julai, jimbo la Utah nchini Marekani hufanya sherehe kubwa. Siku hiyo mwaka 1847 Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, waumini wa dhehebu lililozaliwa Marekani, akiwa mgonjwa ndani ya gari la kukokotwa la mwenzake, alitokeza kwenye Korongo la Emigration akaliona bonde la Salt Lake. Magari yao, hata hivyo, yalikuwa yamepita milimani kwenye njia iliyokwisha kufyekwa.

Waliofyeka ni msafara wa Donner na Reed, mwaka 1846. Watu hawa, 87 hivi, walikuwa wakielekea California, na waliiamini njia ya mkato iliyopigiwa debe na Lansford Hastings, mwandishi wa kitabu cha kuwaongoza wahamiaji. Hastings huyo huyo akawaachia barua ya kuwashauri wasipite Korongo la Weber, walikokuwa wamepita wengine. Ikabidi wakate miti na kung'oa mawe kwa wiki mbili hivi. Karibu na mdomo wa Emigration wakakuta vichaka vimesongamana tena. Mikono ilikuwa imechoka. Wakaamua kuyapandisha magari juu ya kilima kikali, karibu maksai wote wakifungwa kuvuta gari moja, kisha jingine.

Julai iliyofuata, kundi la mbele la Wamormoni lilifika hapo hapo, likakikwepa kilima na kufyeka kando ya kijito. Kazi ilichukua saa nne hivi.

Wanaowasifu Wamormoni hushika saa nne hizo: watu waliojipanga, waliotanguliza wafyekaji. Nakubali, walichagua vizuri. Lakini aliyefika na nguvu zake asipimwe kwa mizani moja na aliyeshinda wiki mbili na shoka. Upande wa pili wapo wanaokibebesha kilima kile maafa yote. Hapo wanazidisha. Muda ulipotea huko nyuma milimani. Kisha jangwa la chumvi likawapokonya maksai wengi, na theluji ya milima ya Sierra Nevada, huko California, ikawafungia njia. Karibu nusu yao walikufa. Kama ni lawama, naanza na Hastings, aliyeisifu njia kabla hajaipitisha gari hata moja.

Washoshone na Wayuti, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikuwa wakiijua milima hii kabla ya misafara yote miwili, nao hutajwa kwa haraka mno katika mabishano haya.

Kilima chenyewe leo kinaitwa Donner Hill. Jina la msafara limeachwa pale ulipochoka, si kwenye njia uliyoifyeka.