Kina mama wasimame, na wengine je?

Jumapili ya pili ya Mei, ambayo katika nchi nyingi ni Siku ya Mama, ibada hufika mahali kiongozi akasema, "Kina mama wote simameni, tuwapigie makofi." Nia ni njema kabisa. Lakini tazama viti vya ukumbi. Kwa sekunde chache kila mwanamke ameshawekwa kwenye kundi lake. Yupo aliyesimama, yupo anayeinamia mkoba kana kwamba anatafuta kitu, na yupo aliyeinuka nusu akasita: mimba zake zimeharibika, au alimzika mtoto wake wa pekee. Hajui ahesabiwe upande gani.

Ndiyo maana wapo wanaosema desturi hii iachwe. Wanaowapinga nao wana hoja nzito. Mama hulea mwaka mzima bila kuambiwa asante. Akipata dakika mbili za makofi, naye anyang'anywe kwa sababu mwenzake anaumia? Kunyamazisha furaha ya huyu hakumpunguzii yule uchungu. Hapo nakubaliana nao, na sitaki sherehe zifutwe.

Ila siku yenyewe ina historia inayotupa njia nyingine. Anna Jarvis, Mmarekani aliyeipigania mpaka Rais Woodrow Wilson akaitangaza rasmi mwaka 1914, hakuolewa wala hakuzaa. Aliianzisha kwa kumuenzi mama yake aliyefariki mwaka 1905, na alichotaka ni kila mtu amshukuru mama yake mwenyewe. Tukiishika hivyo, asiyezaa naye ana sehemu yake, maana ni binti wa mtu. Shida huanza shukrani inapogeuka kuwa hesabu ya nani kazaa na nani hajazaa.

Na hesabu hiyo inawagusa wengi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupata tatizo la ugumba wakati fulani maishani, yaani kutafuta mimba kwa miezi 12 au zaidi bila kufanikiwa. Huenda mirija imeziba kwa maambukizi yaliyochelewa kutibiwa, au mayai hayapevuki. Huenda pia tatizo liko kwenye mbegu za mume, ingawa anayehojiwa na ndugu ni mke. Tena ugumba ni sehemu tu ya habari hii. Kuna aliyeondolewa kizazi kwa saratani, kuna aliyepata mwenza umri ukiwa umekwenda, na kuna aliyeolewa na mwanamume mwenye watoto ambaye hakutaka wengine. Hawa wawili wa mwisho hawana cheti cha daktari cha kuonyesha, basi huambiwa walichagua wenyewe.

Mvutano mgumu zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye neno "usikate tamaa". Wanaolitetea hawabahatishi. Tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, mtoto wa kwanza aliyetungwa maabara, mamilioni wamezaliwa kwa njia hiyo. Kumwambia mtu aache mapema ni kumnyima nafasi. Lakini majaribio mengi hayaleti mtoto, na baada ya miaka 40 uwezekano wa kufanikiwa kwa mayai yake mwenyewe hushuka sana. Wakati wa matibabu kila kitu kina tarehe: sindano, kipimo cha ultrasaundi, kupandikiza kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kukua), kisha takriban wiki mbili za kusubiri jibu. Jibu la mwisho likiwa hapana, hakuna miadi inayofuata.

Pengo hilo linanisumbua kuliko lile la ukumbini. Karibu msaada wote umeelekezwa kwenye kupata mtoto, asipopatikana, waliokuwa wakimsindikiza mwanamke huyo huishiwa maneno, hubaki na "si uasili tu?", yaani amchukue kisheria mtoto wa mwingine awe wake. Kuasili ni jambo jema, lakini hufanywa kwa ajili ya mtoto anayehitaji familia, si kufuta msiba wa mtu mzima. Mwaka 2011 Jody Day alianzisha Uingereza mtandao wa wanawake waliofikia hapo, ili waomboleze walichokosa na kujenga maisha yanayofuata. Kuna wanaohofia kwamba makundi ya namna hiyo humfungia mwanamke ndani ya huzuni. Hofu hiyo ina msingi, lakini mtu anahitaji mahali ambapo halazimiki kujieleza kwanza. Hata hivyo, kundi halichukui nafasi ya marafiki aliokua nao.

Na marafiki hao ndio hukosea kwa upendo. Wengine humficha habari za ujauzito na kutomwalika kwenye sherehe "tusimuumize". Wengine humsukumia mtoto mikononi ili apate baraka. Pande zote mbili zimemwamulia. Ujumbe mfupi ungetosha: "Nina mimba. Nimekuandikia badala ya kukupigia ili usilazimike kunijibu sasa hivi. Ningependa uje siku ya sherehe. Ukiona huwezi, nitakuelewa, na Jumamosi inayofuata nitakuja kwako." Hapo uamuzi umebaki kwake, na urafiki haukuwekewa sharti.

Kazini nako mzani haukai sawa. Shule zikifungwa, mzazi anahitaji likizo kweli, kwani mtoto mdogo haachwi peke yake nyumbani. Lakini "wewe huna watoto" haiwezi kuwa sababu ya mtu yuleyule kupewa zamu za sikukuu mwaka baada ya mwaka. Huenda ndiye anayemuuguza baba yake mzee, tena bila wa kumpokea. Anayepanga zamu azizungushe, na kabla ya hapo amuulize kila mfanyakazi, mwenye watoto na asiye nao, ni nani anayemtegemea nyumbani.