Simu ya Dubai au ya Digo Road: nafuu iko wapi?

Mombasa ni mji wa watu wenye jamaa ng'ambo. Kuna anayefanya kazi Jeddah, kuna anayekwenda Umra, kuna baharia, kuna mfanyabiashara anayeingia na kutoka Dubai. Kila mmoja, kabla hajafunga begi, huwa ameshaagizwa: niletee simu, niletee laptopu, niletee kamera. Sababu ni bei, na mimi siipingi. Tofauti ya bei ipo kweli.

Ila tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni kodi. Falme za Kiarabu, ambako Dubai iko, zilianza kutoza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mwaka 2018, tena asilimia 5 tu, na mtalii mwenye risiti zinazotakiwa anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya pesa hiyo uwanja wa ndege. Kwetu VAT ni asilimia 16, na simu inayoingia kihalali inadaiwa pia ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Mwenye duka la Digo Road, hapa Mombasa, huipokea simu ikiwa tayari imebeba mizigo hiyo, kisha alipe kodi ya pango la duka na mshahara wa kijana wake. Wanaomwita mwizi wanamwonea.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Watu wengi hawaagizi Dubai kwa ajili ya bei pekee. Wanaogopa kuuziwa simu bandia, au iliyotumika ikafutwa vumbi na kurudishwa kwenye boksi. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, nako simu zilizotumika zinauzwa kwa wingi, na aliyeuziwa kitu kibovu kule hawezi kurudi Jumatatu asubuhi kukidai. Kokote unakonunua, bonyeza *#06# na ulinganishe nambari ya IMEI (nambari ya utambulisho wa simu) inayotokea na iliyoandikwa kwenye boksi kabla ya kutoa pesa.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kuvipima vifaa vyote kwa kipimo kimoja.

Laptopu na kamera, nunua ng'ambo ukipata nafasi. Soma chaja: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, hertzi 50/60, na umeme wetu ni volti 240, hertzi 50. Plagi ya Dubai ni ya pini tatu za mraba kama yetu. Iliyotoka Marekani itahitaji adapta tu. Angalia kibodi, maana nyingine zina herufi za Kiarabu, na waulize mafundi wa hapa kama betri ya modeli hiyo hupatikana. Mashine ya kukausha nywele ya Marekani ni hadithi nyingine. Ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, usiiguse: adapta hubadilisha umbo la plagi, haipunguzi nguvu ya umeme, na mashine itaungua siku ya kwanza.

Simu ndipo ninaposita. Simu kwetu ni M-Pesa, ni kazi, ni kitambulisho cha nusu ya mambo yetu, na imefungamana na mtandao wa nchi kuliko kifaa kingine chochote. Nyingi za Marekani zinazouzwa kwa bei ya chini zimefungiwa kampuni moja ya kule. Ukitia laini ya Safaricom zinakataa. Na tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kutia laini; ni eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe, isiyochomolewa. Mwaka 2025 iPhone 17 za Falme za Kiarabu na Saudia nazo zikawa hivyo hivyo. Safaricom na Airtel wanatoa eSIM, kwa hivyo itafanya kazi. Lakini fikiria chaji imekwisha ukiwa Likoni na unataka kulipa: ile desturi ya kuchomoa laini na kuitia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, haipo tena. Wanaoagiza iPhone kutoka Ghuba leo wanapaswa kulijua hilo kabla, si baada.

Halafu dhamana. Ya simu mara nyingi hutambuliwa katika nchi au eneo iliponunuliwa tu. Kioo kikivunjika, fundi wa hapa atakihudumia kama modeli hiyo inauzwa hapa. Kama ilitengenezwa kwa soko la China au Japani pekee, spea yake ni ya kuagiza.

Forodha nayo ina mambo yake. Mwaka 2023 Mamlaka ya Mapato, KRA, ilizua malalamiko makubwa ilipokumbusha wasafiri kwamba bidhaa za zaidi ya dola 500 zinatozwa ushuru. Ukaja mpango wa kumtaka msafiri atangaze IMEI ya simu yake kuanzia Januari 2025, nayo Mahakama Kuu ikauharamisha Julai mwaka huo huo. Kanuni hizi hubadilika, basi ziangalie kabla ya safari, na risiti uwe nayo mkononi.

Kinachonikera hasa ni namna tunavyowabebesha jamaa zetu. Dada anayefanya kazi za nyumbani Riyadh anatumiwa ujumbe wa kumwagiza simu ya bei kubwa, anatanguliza pesa yake, na simu ikifika na hitilafu yeye ndiye analaumiwa, kana kwamba ndiye mwenye duka. Yeye hakupata faida yoyote. Anayeagiza atume pesa kwanza, ataje modeli kamili na nchi ambayo simu ilitengenezewa, na akubali mapema kwamba ikiharibika hasara ni yake.