Kiwanda kile kile, wafanyakazi wale wale

Hoja inayorudiwa sana dhidi ya magari ya Kimarekani ni kwamba Mmarekani hana mkono wa kuunda gari. Anajua ukubwa na kelele, wanasema, lakini mlango haufungi sawasawa na injini inakunywa mafuta bila haya.

Wanaosema hivyo wana ushahidi. Chevrolet Vega ya 1971 ilikuja na bloku ya alumini iliyochemka na kuanza kula oili mapema, huku bodi ikiliwa na kutu. Ford Pinto ilikuwa na tangi la mafuta nyuma ya ekseli, mahali pabaya kabisa gari likigongwa kwa nyuma. Mwaka 1978 Ford iliyaita Pinto na pacha wake, Mercury Bobcat, takriban milioni 1.5, yarekebishwe. Dizeli za Oldsmobile za wakati huohuo ziliwafanya Wamarekani wengi waichukie dizeli kwa miaka.

Hayo siyapingi. Ninachokataa ni kuyageuza kuwa tabia ya kuzaliwa nayo, na shahidi wangu ni Fremont, California.

Kiwanda cha General Motors (GM) cha pale kilifungwa mwaka 1982, na kilikuwa na jina baya hata ndani ya kampuni yenyewe. Siku ya kawaida, karibu mfanyakazi mmoja katika kila watano hakuonekana kazini. Pombe ilinywewa zamu ikiendelea. Magari yalitoka na kasoro ambazo kila mtu aliziona, yakaegeshwa uani kusubiri marekebisho, kwa sababu amri ilikuwa moja: mstari wa kuunganisha magari usisimame kwa lolote.

Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa GM na Toyota, kwa jina la NUMMI. Toyota ilileta mfumo wake na mameneja wake. Wafanyakazi haikuwaleta. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale waliofukuzwa na kufungwa kwa kiwanda, chini ya chama kile kile cha wafanyakazi wa magari, UAW. Baadhi walipelekwa Japani, kwenye kiwanda cha Takaoka, kujifunza. Waliporudi walikabidhiwa kitu ambacho katika GM ya zamani kingekuwa kufuru: kamba ambayo yeyote akiona kasoro anaivuta, msaada unakuja, na kama tatizo halijaisha mstari unasimama. Utoro ukashuka hadi asilimia chache tu. Haikupita miaka mingi magari ya Fremont yakawa yanakaribiana na ya Japani kwa uchache wa kasoro.

Kiwanda hichohicho kiliunda Toyota Corolla na ndugu yake, Geo Prizm, gari la GM. Injini ni moja, mikono ni ileile, tofauti ni mabati ya nje, vitu vya ndani na nembo. Sokoni, Corolla iliuzwa kwa wingi zaidi, na hata ilipokuwa kuukuu ilishika bei kuliko Prizm. Mnunuzi aliyejiona mjanja kwa kulikwepa gari la Mmarekani alinunua gari lililofungwa nati na Mmarekani. Nikikutana na mtu anayeapa kwamba anautambua ubora kwa macho, humuuliza kuhusu Prizm.

Upande wa pili una jibu, na ni zito. Kama GM iliyaona yote haya kwa macho yake, mbona ilichukua muda mrefu hivyo kuyapeleka kwenye viwanda vyake vingine? Juni 2009 ilikuwa mahakamani ikiomba hifadhi ya kufilisika, na mwaka huohuo ikajitoa NUMMI. Jengo hilo leo ni la Tesla. Halafu kuna swichi ya kuwashia magari ya GM. Ilikuwa hafifu, ikiweza kuzima gari likiwa mwendoni na kuifanya mifuko ya hewa isifunguke. Ndani ya kampuni tatizo lilijulikana kwa takriban miaka kumi kabla magari hayajaitwa mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulitambua vifo 124. Hapo sina la kutetea. Ila tazama kosa limekaa wapi: ofisini, kwa waliolijua wakanyamaza.

Dharau nyingine ni ya injini. V8 (injini ya silinda nane) ndogo ya Chevrolet, chapa ya GM, ukoo ulioanza 1955, bado inaweka kamshafti moja, mhimili unaofungua valvu, ndani ya bloku na kusukuma valvu kwa fito. Teknolojia ya babu, wanacheka: lita 6 kwa nguvu farasi 400, wakati Honda S2000 ilitoa 240 kwa lita 2. Lakini lita si kipimo cha ukubwa wa injini kwa nje. Bila kamshafti juu ya silinda, V8 hiyo huwa fupi na nyembamba, ndiyo maana mafundi huipachika hata kwenye Mazda RX-7. Japani hutoza kodi ya gari kwa ukubwa wa injini, na ushuru wa Tanzania nao hupanda kwa cc. Si ajabu tumezoea kuhesabu lita kama dhambi.

Mwaka 2024 Toyota iliita takriban magari 100,000, ya Tundra na Lexus LX, kwa mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani ya injini. Mwaka uliofuata GM iliita karibu 600,000 nchini Marekani, kwa kasoro za krenkishafti (mhimili mkuu wa injini) na koneroda (fito zinazouunganisha na pistoni) kwenye V8 ya lita 6.2. La Toyota likaitwa bahati mbaya, la GM likaitwa desturi. Kwa idadi, GM anastahili lawama zaidi, na anayetafuta Chevrolet Silverado au Tahoe ya 2021 hadi 2024 aulize kwanza kama ina injini hiyo na kama imeshakaguliwa. Anayetafuta Tundra ya 2022 au 2023 naye aulize.