Maji Moto Ndani ya Plastiki

Barazani, ukiegesha BMW, swali la kwanza huwa hilo hilo: "Yakhe, inakimbia ngapi?" Hakuna anayeuliza inakula nini wala inaumwa wapi. Mtu anaegemeza paji la uso kwenye kioo, anaona saa ya mwendo imeandikwa 260, anarudi kwenye kahawa yake ameridhika kama aliyeiendesha yeye. Na Mjerumani mwenyewe kaifunga kwa kompyuta isivuke 250. Sasa Unguja hii kutoka Nungwi mpaka Makunduchi haifiki kilomita 90. Ukiikanyaga kwelikweli, dua ya safari hujaimaliza ushaona ngalawa. Hapo bado matuta. Pale Jozani yamewekwa ili kima punju wavuke salama, basi silinda 6 zinajikongoja nyuma ya daladala la vifurushi vya mwani, na kima yuko tawini anakutizama kwa huruma.

Naisema ile BMW 530i ya umbo la E60, iliyounguruma viwandani baina ya 2003 na 2010, hasa zile zenye injini ya N52, lita 3. Zinashuka bandarini kutoka Japani, usukani kulia kama tunavyotaka, rangi ingali inameremeta. Unatia ufunguo, anaanza yule mama wa Kijapani. Kila asubuhi. Anachosema ni kuwa kadi ya kulipia barabara za kwao haimo. Barabara gani, mama? Ya Mwera? Usimtafute kwenye redio wala usimzimishe kwa kupunguza sauti, hasikii. Tafuta kidude cha hiyo kadi, kinaitwa ETC, chomoa soketi yake, umempumzisha. Redio nayo inaishia masafa ya 90 kwa sababu huko kwao enzi hizo ndiko ilikoishia, na hiyo haitaki fundi redio wa kuunganisha nyaya, inataka mtu mwenye kompyuta ya kubadilisha nchi ndani ya gari.

Hayo madogo. Kinachonikera mimi ni plastiki. Mjerumani injini kaijenga kwa magnesiamu na aluminiamu, kitu cha kujivunia, nyepesi unastaajabu. Halafu kila kinachoshika maji ya moto kakifanya plastiki! Kitenki cha maji, plastiki. Mbavu za pembeni za rejeta, plastiki. Viungio vya mipira, plastiki. Na maji yenyewe si ya moto wa kuoshea vyombo. Injini hii kompyuta yake inaiachia kwa makusudi ifike nyuzi 105, hata 112 ukienda taratibu, ili inywe petroli kidogo, kisha inaishusha mpaka 80 ukikanyaga. Plastiki iliyopikwa hivyo miaka 15 inakuwa kama ganda la yai. Fundi akiigusa kutoa mpira mmoja, anabaki na kipande mkononi anakwambia, "Bosi, hii ilikuwa imeshavunjika." Cha kuudhi ni kwamba yuko sawa.

Saa ya joto la maji hamna. Pahali pake kaweka saa ya kukuonesha petroli inavyoteketea, kana kwamba mfuko wako haukwambii. Lakini joto limo, kalificha. Shikilia kile kitufe cha kufutia kilomita za safari mpaka menyu ya siri itokee. Itakuomba ufunguo, na ufunguo ni jumla ya tarakimu tano za mwisho za namba ya chasisi. Utafute palipoandikwa KTMP. Na ukiona 105 usiruke nje ukaacha mlango wazi kwenye taa za barabarani. Hiyo ndiyo afya yake.

Mdudu mkubwa ni pampu ya maji. Gari za wazee wetu pampu inazungushwa na belti, ikitaka kufa inalia, inadondosha, inakupa mwezi mzima wa kuaga. Hii ina mota ya umeme na inaamrishwa na kompyuta. Inakufa kimya. Taa ya manjano, dakika mbili tatu, taa nyekundu, na uko katikati ya msongamano wa Darajani mchana wa Ramadhani. Hapo ndipo anapotokea mtaalamu wa kichochoroni: "Fungua hita mwisho, itashusha joto!" Hiyo kwa pampu ya belti sawa. Hapa maji hayazunguki kabisa, hita itapuliza hewa baridi na injini itaendelea kujikaanga. Zima. Sogeza kwa mikono. Aibu ya kusukumwa ni rahisi kuliko kichwa cha silinda kilichopinda.

Ikishavuka kilomita 100,000 na hujui pampu ilibadilishwa lini, badilisha bila kungoja taa, na thamostati, ile inayofungua na kufunga njia ya maji kwa joto, pamoja nayo, kwani zimekaa jirani na kazi ya kuzifikia ni moja, kutokea chini. Nunua ya VDO au Pierburg. Hao ndio waliokuwa wakimpelekea BMW mwenyewe kiwandani, kilichobadilika ni boksi tu. Muuza spea wa Dar es Salaam akikuuliza "530 ya mwaka gani?" usimjibu mwaka, mpe herufi na namba saba za mwisho za chasisi. Mwaka mmoja una spea mbili tofauti, na ukikosea, kifaa kinakwenda na kurudi kwa boti kama mtu mwenye kesi.

Sasa bolti. Pampu imeshikwa na bolti za aluminiamu zinazokazwa mara moja tu, zikifunguliwa ni za kutupa, maana zinavutika. Fundi wetu akiziona laini anacheka. Anatia mkono kwenye kopo la bolti za chuma, lile kopo la maziwa ya unga, anakuletea tatu "za nguvu." Chuma ndani ya magnesiamu, kwenye kisiwa ambacho hata bawaba ya mlango inaliwa na chumvi! Metali mbili hizo zikikutana na unyevu zinaanza kulana, na anayeliwa ni magnesiamu, yaani injini. Bolti mpya za aluminiamu zinauzwa pamoja, seti nzima. Nunua, ukae nazo mfukoni mpaka zifungwe mbele ya macho yako.

Na maji, jamani. Visima vyetu vinatoka kwenye mawe ya matumbawe. Birika lolote la nyumbani lina ukoko mweupe chini, kila mtu anaujua. Mtu huyo huyo anayelalamikia birika lake anafungua mfereji anajaza rejeta. Unataka kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ya buluu ya aina yake, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri. Nusu kwa nusu hata huku kwetu kusikojua barafu, kwa sababu kulanti haiko pale kwa barafu, iko kwa kutu na kwa kuchelewesha mchemko.

Kutoa hewa kwenye maji baada ya pampu mpya ndipo gereji inapogeuka sinema. Injini haiwashwi. Unaunga chaja kwenye betri, unajaza maji, unafunga kifuniko. Ufunguo kwenye swichi bila kuwasha, taa za mbele, hita joto la mwisho na upepo wa chini kabisa. Kisha unakanyaga mafuta mpaka sakafuni, unashikilia sekunde 10, unaachia. Pampu inaanza kujiendesha peke yake, inapanda, inashuka, inanyamaza, inaanza tena, kwa dakika 12 hivi. Dakika 12 nyingi sana Kwerekwe. Wa kwanza anauliza kwa nini huwashi. Wa pili anasema betri imekufa. Wa tatu, huyu muogope, anataka kufungua kifuniko "iteme hewa." Mpe kazi. Mtume boflo. Ikinyamaza moja kwa moja, tizama kina, ongeza kilichopungua, ndiyo uwashe.

Fundi akikwambia "hii thamostati haina kazi huku, nchi ya joto, tuitoe," shukuru, lipa soda, ondoka. Ukiitoa, injini haipashi, kompyuta inadhani ni baridi siku zote, inazidisha petroli, na taa ya injini inawaka. Anayetaka kuipiga feni dairekti kwa swichi ya dashibodi ni ndugu yake. Na wa tatu wa ukoo huo ni anayefuta taa. "Nimeitoa," anakwambia, na kweli imetoka. Ugonjwa haujatoka. Siku mbili imerudi na wewe umerudi na elfu zako.

Kufuta taa hasa kunatokea kwenye koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Gari inamisi, kipimo kinasema P0303, yaani silinda ya tatu. Wanataka ununue koili sita na plagi sita leo leo. Pole pole. Hamisha koili ya tatu uiweke ya tano, na ya tano ije tatu, futa kosa, endesha. Likirudi P0305, koili ndiyo mgonjwa, nunua moja. Likibaki palepale, hamisha plagi nayo vivyo hivyo. Ukichomoa koili ukakuta imelowa oili, usimlaumu koili wala plagi, gasketi ya kava la juu inavuja, na ile harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa, uliyodhani ni muuza mishikaki, ndiyo hiyo inadondokea ekzosi.

Ipo gasketi nyingine, ya kikombe cha filta ya oili, kipande cha mpira cha kukaa kiganjani. Joto linaugandisha, oili inatiririkia belti. Belti iliyolowa oili inachanika nyuzi, na nyuzi zikivutwa nyuma ya puli zinaingia kwenye sili ya mbele ya injini. Utafungua injini kwa sababu ya mpira wa bei ya chakula cha mchana. Oili yenyewe lita 6.5 na filta, iwe imeandikwa LL-01, kibali cha BMW, na kifuniko cha filta kinakazwa kwa spana ya kipimo, Nm 25, si kwa mtu mwenye kifua. Dipstiki usiitafute, hamna. Gari inakupimia yenyewe kwa sensa injini ikiwa imepata moto na gari iko sawa.

Giaboksi eti oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Waliotengeneza giaboksi, ZF, wao wanasema ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampo, lile karai la oili chini yake, ni, jamani, plastiki, na filta imeumbwa ndani yake, hivyo vinabadilishwa pamoja.

Masika ndiyo msimu wa buti. Umeegesha chini ya mwembe upate kivuli, maua na majani yanaziba vijitundu vya kutolea maji kwenye sanruufu, kile kidirisha cha paa, mvua ikipiga maji yanatafuta njia nyingine, na njia ni buti. Betri iko buti. Vikompyuta viko buti. Asubuhi gari inawaka taa zote kama Forodhani. Usizibue kwa waya, unatoboa bomba. Wala upepo wa kompresa, unalichomoa kwenye kiungo chake ndani ya kitambaa cha dari na maji yanakushukia begani. Kisiwa hiki dawa tunayo kila duka la wavuvi: mshipi mnene wa kuvulia. Ulainishe ncha kwa moto wa kibiriti, usukume taratibu, umimine kikombe cha maji uone yanatokea chini. Betri ikifa, mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta, au ataendelea kuichaji kama anavyomlisha mzee.

Halafu mtu na gari hii anataka kuishusha! Imekaa chini tayari, matuta ya Fuoni yanaisalimia tumbo, bado anataka springi fupi. Haya. Lakini bushi za mikono ya mbele zina majimaji ndani, zikipasuka usukani unatetemeka ukifunga breki, na bolti zake zinakazwa mwisho gari ikiwa imekaa kwa uzito wake. Ukikaza magurudumu yananing'inia, bushi inajinyonga siku utakayoiteremsha kwenye jeki. Rimu za Crown ya shemeji hazikai: matundu yake ni duara la milimita 114.3, hii 120, na tundu la katikati la Toyota ni 60.1 wakati kitovu hapa ni 72.6. Hata kwa kisomo. Ukipata za inchi 18, tairi za mbele upana 245 na za nyuma 275, ujue huwezi kuzungusha tairi za mbele nyuma, na tairi la akiba hukupewa toka mwanzo.

Yote hayo unavumilia, mpaka ukoo uoe. Gari nyeusi, ndefu, kiti cha ngozi, nani atamnyima ami yake? Kilomita 15 kwa saa kutoka Fuoni hadi Bububu, AC mwisho, honi, upepo hauingii, feni inavuma kama boti, na wewe macho kwenye KTMP. Na wametangulia wenyewe asubuhi kulipamba, utepe umebandikwa kwa gundi juu ya rangi, utakaoubandua kesho kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na sabuni baada yake. Shada wameliweka wapi? Juu ya zile pua mbili za mbele, zimezibwa zote, hewa ya rejeta haipiti. Unamwambia khalati kwa adabu, shada hili lisogezwe kidogo, injini ipumue. Anakutizama toka juu mpaka chini. "Maua haya yamekudhuru nini, mwanangu? Wala hayanyauki. Ya plastiki."