Dhahabu ina wenyewe, serikali inunue sumaku

Nenda Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi, uulize bei za skrapu, utatajiwa papo hapo. Shaba ina bei yake, alumini ina yake, na bodi za kompyuta hazikosi mnunuzi kwa sababu ya ile dhahabu kidogo iliyomo. Sasa fungua hadi-diski, kile kisanduku cha kompyuta cha kuhifadhia data, utoe sumaku iliyo ndani, ile iliyopinda kama kipande cha ndizi. Ukiigusisha na koleo, kuibandua ni kazi. Hiyo itatupwa kwenye rundo la chuma cha kawaida, iende tanurini na mabati yaliyooza itoke nondo.

Ndani ya sumaku hiyo mna neodimiamu, madini ambayo mataifa makubwa yanayagombania kwa ajili ya mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Kilima cha Mrima kule Kwale tumekiimba miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya madini ya aina hiyohiyo. Yaliyokwisha kuchimbwa na kusafishwa, yakaja hadi mezani petu, hatuna habari nayo.

Si sisi peke yetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba urejelezaji unakidhi kama asilimia 1 tu ya mahitaji ya madini adimu ya kundi la neodimiamu. Dhahabu na shaba zinajilipia zenyewe, kwa hiyo hazihitaji serikali. Neodimiamu, na tantali, metali nyingine iliyo kwenye vijisehemu vidogo vya bodi, hazimlipi mtu anayezitoa. Hapo ndipo ninapoitaka serikali iingie.

Na isiingie kwa kujenga kiwanda. Tunajua viwanda vya serikali huanza na utepe na huishia wapi. Vijana wa mikokoteni tayari wanazunguka mtaa kwa mtaa, na mafundi wa barabara ya Luthuli jijini wanajua kufungua kila kifaa. Kinachokosekana ni bei kwenye mizani: kilo ya sumaku iwe na thamani kuliko kilo ya msumari. Waya usiochomwa nao ulipiwe vizuri, maana moshi mweusi unaouona kwenye jaa la Dandora ni wa watu wanaotafuta shaba safi kwa njia rahisi. Kusafisha madini yenyewe kufanywe nje kwa sasa, chini ya masharti ya Mkataba wa Basel, ule unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi.

India mnamo Septemba 2025 ilitenga rupia bilioni 15 kuwapa motisha warejelezaji wa madini muhimu. Sisi hatuna fedha hizo, lakini sheria yetu ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuleta bidhaa sokoni awajibikie taka zake. Pesa zake ziende moja kwa moja kwenye mizani. Ile kodi ya mazingira ya Mswada wa Fedha wa 2024 ilikataliwa, na kwa haki, kwa sababu hakuna aliyeweza kutuonyesha pesa zake zingeangukia mfuko wa nani.

Kuna watakaosema kununua skrapu ni kulea wezi. Januari 2022 biashara hiyo ilipigwa marufuku baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, ikafunguliwa Mei. Waliokaa njaa miezi hiyo wengi hawakuwahi kugusa mlingoti. Isitoshe, hakuna anayepanda nguzo ya stima kutafuta hadi-diski.

Serikali ianzie nyumbani kwake. Stoo za wizara na za kaunti zimejaa kompyuta zinazongoja mnada, na mnada wenyewe huangalia bei ya juu tu. Iongezwe sharti moja kwenye tangazo: mnunuzi arudishe sumaku na betri kwa kituo kilichosajiliwa kabla ya kurudishiwa amana yake.