Mshambuliaji au mwenye pupa? Chesi ya mtandaoni kwa waliokulia kwenye drafti

Vijana wengi wa Kigoma wanaocheza chesi kwenye simu walianzia kwenye drafti, vijiweni Mwanga na Ujiji, na mkono wa drafti huonekana mapema tu. Ukiwauliza wanachezaje, watakwambia ni washambuliaji. Fungua michezo yao uone: ni pupa ya kula. Kwenye drafti kula ni lazima. Kwenye chesi ni hiari, na wengi wanapoteza hapo.

Chukua ufunguzi wa Kihispania. Kila mraba una jina: herufi a hadi h ni safu kuanzia kushoto kwa mweupe, namba 1 hadi 8 ni mistari kuanzia upande wake. Askari mweupe e4, mweusi e5. Farasi mweupe f3, mweusi c6. Askofu b5, askari mweusi a6. Askofu anamla farasi wa c6, askari wa d7 analipiza. Sasa askari wa e5 hana mlinzi, na mwenye mkono wa drafti anamla kwa farasi papo hapo. Mweusi anapeleka malkia d4, anamshika farasi wa e5 na askari wa e4 kwa mpigo. Farasi akirudi f3, malkia anamla askari wa e4 huku akimtisha mfalme. Hesabu ya kete ni sawa, lakini mweusi ana maaskofu wake wawili, na mweupe hana alichovuna.

Anayejua humficha mfalme kwanza, mfalme g1 na ngome f1 kwa hatua moja. Baada ya hapo askari wa e5, asipolindwa, analika kweli, maana malkia akifuata njia ile ile hadi e4, ngome inakuja e1 na kumnasa akiwa mbele ya mfalme wake. Hatua moja ya subira imegeuza chambo kuwa chakula. Huo ndio ushambuliaji.

Saa nayo inaharibu. Mchezo wa dakika 3 bila nyongeza haumfundishi anayeanza chochote zaidi ya kukimbiza kidole. Cheza dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 kila hatua: mchezo wa hatua 40 unakupa dakika 3 na sekunde 20 za ziada. Kwa mtandao wetu unaoyumba, nyongeza hiyo ina thamani kubwa. Lichess, tovuti ya bure ya kuchezea chesi, hufidia ucheleweshaji mdogo, ila mtandao ukikatika kabisa saa yako inaendelea kula.

Kuhusu pointi za kiwango cha mchezaji, tusidanganyane vijiweni. Lichess humwanzisha kila mtu kwenye 1500, na alama ya kuuliza pembeni ya namba maana yake mfumo bado haujakujua. Usiilinganishe namba hiyo na ya Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, wala ya michezo ya haraka na ya michezo mirefu, kwani kila moja ina hesabu yake.

Namba inayosema kweli zaidi ni idadi ya kete ulizoacha zikaliwa bure. Fungua mchezo uliopoteza na uupitie mwenyewe kabla ya kuwasha kompyuta ya uchambuzi. Andika hatua unayodhani ilikuponza, kisha omba uchambuzi, ambao Lichess ni wa bure. Kompyuta ikionyesha kosa la hatua ya 14 na wewe uliandika ya 27, basi hatua 12 zote ulizocheza katikati ulikuwa tayari umeumia bila kujua. Fanyia kazi hiyo ya 14 kabla ya kujifunza ufunguzi mwingine wowote.