Wino wa kishikwambi unakaa wapi?

Mtu akinunua kishikwambi chenye kalamu, swali lake la kwanza ni programu gani apakue ya kuandikia na kusomea PDF. Majibu anayopewa huwa ya ladha: GoodNotes inaandika laini, Notability inarekodi sauti ya mhadhara huku ukiandika, Samsung Notes ni ya bure. Ni kweli yote. Ila mimi riziki yangu ni kuhariri miswada ya watu, na ningeanza kwingine: ukishapiga mstari chini ya sentensi, mstari huo unakaa wapi? Ndani ya faili, au ndani ya programu?

PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa. Kiwango hicho kimeziwekea alama za msomaji mahali pake. Rangi ya njano, maoni, hata wino wa mkono, kila kimoja huhifadhiwa kando ya matini, hivyo programu nyingine inayofuata kiwango inaweza kukisoma, kukijibu au kukifuta. Programu za kusomea kama Xodo na Acrobat Reader hufanya kazi kwa njia hiyo. Programu za daftari zina desturi nyingine. Kwao PDF ni karatasi tu ya kuandikia: wino unatunzwa kwa muundo wao wenyewe, na siku ya kutoa faili mara nyingi unagandishwa pamoja na ukurasa, yaani unakuwa sehemu ya ukurasa wenyewe, hauguswi tena peke yake. GoodNotes hukuuliza wakati wa kutoa kama alama zigandishwe au zibaki za kuharirika, lakini nani husoma kile kidirisha? OneNote ndiyo huingiza kurasa kama picha kabisa.

Tofauti hii niliijua kwa gharama. Nilihariri mswada wa riwaya, kurasa mia mbili na zaidi, kwa programu ya daftari. Usiku tatu, kalamu mkononi, raha tupu. Mwandiko wangu haujawahi kupendeza vile. Nikautuma. Mwandishi, mama mmoja wa Morogoro, akanipigia: "Mwanangu, maneno yako nayaona, lakini hayashikiki." Alitaka kunakili sentensi nilizomrekebishia azipachike kwenye mswada wake. Haikuwezekana, ni picha. Akakaa kuzichapa upya moja moja, na pale nilipoandika kwa haraka akawa ananipigia kuuliza hilo ni "u" au "n". Orodha ya maoni, ambayo ingemwezesha kuruka kutoka kosa hadi kosa, haikuwepo.

Basi mswada uliofuata nikautendea kwa programu ya kusomea PDF, maoni yote nimeyachapa, kila moja na kibandiko chake. Safari hii mwandishi aliufungulia kwenye simu, moja kwa moja kutoka WhatsApp. Akaona vibandiko vya njano pembeni mwa aya, akivibonyeza, kimya. Programu iliyokuwa kwenye simu yake iliweza kuonyesha ukurasa lakini si yaliyomo ndani ya maoni. Wino uliogandishwa una sifa hii moja kubwa: unaonekana popote, hata kwenye simu ya bei poa, hata ukichapishwa kwa mwenye stesheneri wa mtaani.

Kwa hiyo siwezi kusema daftari ni baya. Kwa anayekaa darasani au kikaoni, lina nguvu ambazo programu nyingi za kusomea hazina: unaongeza ukurasa mtupu katikati ya hati, unatafuta neno ndani ya mwandiko wako mwenyewe. Na kuna vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ambavyo vimejaa kwenye simu za wanafunzi wetu. Humo rangi ya njano haishiki maneno kwa sababu hakuna maneno, kuna picha. Kalamu huru ndiyo inayofaa, na hapo daftari linashinda wazi.

Malipo nayo yanaingia kwenye hesabu. Mwezi Novemba 2021 Notability ilihama kutoka kununuliwa mara moja hadi kulipiwa kila mwaka, na waliokwishanunua wakaambiwa wangebaki na haki zao kwa mwaka mmoja tu. Watu walipiga kelele, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma na kuwaachia wanunuzi wa zamani walichokuwa nacho. Sioni kosa kwa mtengenezaji kutaka kula kila mwaka; programu haijitunzi. Lakini aliyeweka maandishi ya miaka minne ndani ya muundo wa kampuni moja hana pa kukimbilia bei ikipanda. Aliyeyaweka ndani ya PDF anahama jioni hiyo hiyo.

Zotero, programu ya kutunza makala na marejeo ya utafiti, iko katikati. Ni ya bure, na tangu toleo la 6 la mwaka 2022 ina kisomeo chake cha PDF. Alama zako inazitunza kwenye hifadhidata yake, si kwenye faili, ila unaweza kutoa nakala yenye alama ndani. Kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye makala mia ningeipendekeza bila kusita.

Walimu wa Tanzania waliopewa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 wasihangaike na habari za ulaini wa kalamu, maana kwa kidole huandiki lolote la maana pembeni mwa ukurasa. Kwao programu ya kusomea na maoni ya kuchapa inatosha.

Mimi sasa nahariri kwa programu ya kusomea, daftari nimelibakizia vikao. Kabla ya mswada wowote namtumia mwandishi ukurasa mmoja wa majaribio: mstari mmoja wa njano, kibandiko kimoja chenye neno "habari", na neno moja la mkono. Namwomba aufungulie pale pale atakaposomea mswada wote, halafu aniambie ameona vingapi. Akiona viwili tu, namtumia na nakala ya pili, iliyogandishwa, yenye orodha ya maoni mwishoni.